Lami ya Nunduni

Siku lami ilipomwagwa nyuma ya nyumba yetu walikuwapo watu hawa. Mimi, mkubwa wa nyumba. Wadogo zangu watatu: wa kiume aliyenifuata, mguu wake ukiwa bado umefungwa bandeji, wa kike aliyemfuata, mwenye mdomo kuliko sisi sote, na kitinda mimba, ambaye alikuwa hajaanza shule. Mama Maandazi, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, pamoja na michi yake ya kutwangia. Ami, mzee wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa, ambaye kiwanja hicho cha nyuma kilikuwa chake. Msimamizi wa genge la lami, Mnyamwezi mwenye sikio moja lililoungua, na vijana wake. Na mjomba, kaka wa mama yetu, aliyetoka Kisarawe asubuhi hiyo kuja kuwachukua wadogo zangu.

Nawataja wote kwa sababu wapo watu hadi leo wanaosema kuwa jambo lile lilifanywa na wahuni. Hapakuwa na mhuni. Palikuwa na watu wazima waliojua wanachofanya, na watoto waliokuwa wanahitaji mahali pa kuchezea.

Baba alikuwa fundi baiskeli, hapo hapo barazani kwetu Kariakoo. Mama alitangulia kufa, baba akamfuata. Nikaacha shule nikiwa kidato cha pili, nikakalia kigoda chake. Mwanzoni wateja walisimama mbele yangu wakichungulia ndani.

"Fundi yuko wapi?"

"Ndiye huyu."

"Wewe, binti?"

"Kaka, baiskeli yako ina pancha au haina?"

Waliokuwa na haraka waliniachia baiskeli. Wasiokuwa na haraka walikwenda zao, kisha wakarudi, maana mafundi wengine walikuwa mbali.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Vitu ambavyo zamani tulivisikia tu vilijaa madukani, na mtaa wetu ukajaa nao. Malori yalishusha mizigo toka alfajiri, mikokoteni ikapishana, wamachinga wakapanga bidhaa hadi katikati ya barabara. Uwazi tuliokuwa tukirukia kamba nikiwa mdogo uligeuzwa ghala la mabati. Kiwanja cha mpira wa chandimu kikawa maegesho. Mimi sikuwa na ugomvi na biashara, nilikuwa nakula kwa biashara. Lakini kila kipande cha ardhi kilipopata mwenyewe, hakuna aliyeuliza watoto watakwenda wapi. Walikwenda barabarani.

Mdogo wangu wa kiume aliumia huko. Alikuwa anaendesha baiskeli niliyomuungia kwa vyuma vya baba, mkokoteni wa magunia ya mchele ukakata kona, ukampitia mguu. Mfupa ukapasuka. Msukuma mkokoteni mwenyewe ndiye aliyembeba hadi hospitali huku analia kuliko mgonjwa.

Mjomba aliposikia alikuja, akaketi ukumbini, akatutangazia mgawanyo.

"Huyu wa kiume ataenda kwa baba yake mdogo, Kigoma. Wa kike nitamchukua mimi. Mdogo ataenda Tanga kwa shangazi yake. Nawe umeshakuwa mtu mzima, utaolewa."

"Sikubali, mjomba."

"Hukuulizwa."

"Ndiyo maana nasema bila kuulizwa."

Mjomba hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Alikuwa amemzika dada yake na shemeji yake, na alikuwa anaogopa kuzika tena. Akasema, "Masika yakiisha nitarudi. Nikiwakuta barabarani, nawachukua siku hiyo hiyo. Usinililie."

"Sitalia," nikasema.

Kigoma, Kisarawe, Tanga. Nilikuwa najua maana yake. Tungekutana msibani tu, kila mmoja akimuuliza mwenzake anasoma darasa la ngapi.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kiwanja cha Ami. Nyumba ya zamani iliyokuwa hapo ilibomolewa na yeye akawa anajikusanya ili ajenge ghorofa. Wakati huo familia moja ya Kihindi, mtaa wa pili, ilikuwa inachimba msingi wa jengo lao, na udongo wake ukamwagwa kwenye kiwanja cha Ami kwa makubaliano yao. Yakawa malundo. Watoto wakaanza kuyapanda kwa baiskeli, na mimi nikiwa barazani niliwasikia wakicheka kwa namna ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba.

Nilikwenda kuangalia. Mdogo wangu wa kike alikuwa ameichukua baiskeli isiyo na cheni, niliyokuwa nimeiweka pembeni nikisubiri kupata cheni. Alishuka lundo moja, akapanda la pili, akashuka tena, na baiskeli haikusimama.

"Unaendeshaje bila cheni?" nikamuuliza.

"Dada, hunyongi pedali! Ukipanda unajinyanyua, ukishuka unaikandamiza. Inakwenda yenyewe."

Nikaichukua nikajaribu. Kweli. Mikono na magoti ndiyo yanayofanya kazi. Ukiikandamiza wakati wa kushuka, baiskeli inapata nguvu ya kupanda tuta linalofuata. Nilikuwa fundi baiskeli na sikuwa nalijua hilo.

Jioni hiyo nilichukua chepe la baba. Tukayapanga malundo yakawa matuta yaliyofuatana kwa mzunguko, na kwenye kona tukainua ukingo wa nje ili baiskeli iegemee bila kuteleza. Watoto wakapaita Nunduni, kwa sababu matuta yalifanana na nundu za ng'ombe waliolala. Kwa siku chache barabara yetu haikuwa na mtoto.

Kisha masika yakashuka. Nundu zikayeyuka, kona zikawa madimbwi, na watoto wakarudi barabarani, kati ya mikokoteni. Kila jua lilipochomoza nilikuwa narudishia udongo, na kila mvua iliponyesha ilikuwa inauchukua. Mama Maandazi alisimama mlangoni na karai lake akasema, "Mwanangu, unatwanga maji kwenye kinu."

"Basi nitatafuta kisichokuwa maji," nikamjibu.

Mvua zilipoanza kupungua lilikuja genge la kutia lami upya barabara ya pili. Msimamizi wao aliniletea baiskeli yake barazani, tairi limelala. Aliniangalia, akaliangalia jengo letu, akaniuliza kabila langu. Nikamwambia sisi Wazaramo.

"Ooh!" Akapiga makofi. "Kumbe Mnyamwezi nimeangukia kwa watani! Mzaramo kashika spana? Leo hakuna ngoma popote?"

"Nawe Mnyamwezi, mbona umeshuka kwenye baiskeli? Babu zenu walifika pwani kwa miguu na meno ya tembo kichwani, hawakulalamika pancha."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauliza baba yangu yuko wapi ili amtukane na yeye. Nikamwambia amefariki. Akavua kofia.

"Nani alikuja kumzika, kati ya watani?"

"Hakuja mtani."

"Hilo ni kosa letu," akasema. Hakuwa anatania tena.

Asiyezaliwa kwetu huenda haelewi. Mtani msibani si mgeni. Ndiye anayewachekesha wafiwa wasife kwa majonzi, ndiye anayeweza kuteka jembe la kuchimbia kaburi, na wafiwa wasimkasirikie bali walikomboe kwa kuku au kitambaa. Msiba usio na mtani una kitu kimepungua, na yule mtu aliuchukua upungufu huo kana kwamba ni wake.

Nikapata ujasiri. Nilikuwa nimeona kuwa kila alasiri lori lao lilibaki na lami kidogo, na waliitupa kando kwa sababu lami ya moto haingoji kesho.

"Mtani, ile lami mnayoitupa."

"Siuzi mali ya kazi."

"Sitaki uniuzie. Nataka uitupe kwangu badala ya kuitupa kule."

Akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi. Mkubwa alisema mabaki ni takataka, na takataka itupwe popote mwenye pahala anaporidhia. Ikabaki Ami.

Nilimkuta dukani anapima kitambaa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Nikitaka kujenga je?" akauliza baada ya kunisikiliza.

"Utavunja, Ami."

"Nani atavunja lami, mimi na mgongo huu?"

"Mimi. Nina nyundo."

"Jua likiwaka itawachoma miguu."

"Watacheza asubuhi na alasiri. Mchana hata mbuzi hawatoki."

Akakunja kitambaa taratibu. "Maji yasije kwenye ukuta wangu. Yakija, naleta kesi kwako, siyo kwa serikali."

Nikatengeneza mfereji kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa nirudi kwenye siku yenyewe. Lori liliingia kinyumenyume hadi mdomo wa uchochoro, vijana wakabeba lami kwa toroli, na moshi wake ukajaa uani hadi Mama Maandazi akaondoa unga wake nje. Mashine ya kushindilia haikuweza kupita uchochoroni. Vijana walikuwa na vyuma vya kushindilia viwili tu, na lami ilikuwa inapoa. Ndipo Mama Maandazi akaingia ndani akatoka na michi.

"Hii kazi yake nini kama si kushindilia?"

Tukatwanga nundu kama tunatwanga kisamvu. Lami ikanasa kwenye mchi, mchi ukanyanyuka na kipande cha nundu. Msimamizi akapiga ukelele, "Chovya kwenye dizeli! Chovya, Wazaramo, hamjui hata kutwanga!" Tukachovya. Kwa wiki nyingi baadaye kisamvu cha nyumba yetu kilinuka gereji, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Mimi nilikosea kwa njia yangu. Tangu utotoni nilikuwa nimeona mafundi wakimwagilia zege maji ili likomae. Nikachukua ndoo, nikaimwagilia nundu ya kwanza kwa moyo mweupe. Ikatoa mvuke kama treni, ikakaza kabla haijashindiliwa upande mmoja.

"Unafanya nini, mtani?"

"Naikomaza."

"Umeikomaza kweli! Imezeeka kabla ya kuzaliwa!"

Nundu ile ilibaki imeinamia kushoto maisha yake yote. Watoto waliipenda kupita zote, kwa sababu ilimtupa asiyeijua.

Katikati ya kelele hizo mjomba akatokea mlangoni, begi mkononi. Alikuwa amewatafuta watoto barabarani kwanza. Aliniona nimepakaa lami hadi viwikoni, akamwona mpwa wake mgonjwa ameketi juu ya ndoo akitoa amri, akamwona wa kike na mchi.

"Nini hiki?"

"Shikamoo, mjomba. Ni mahali pao pa kuchezea."

"Marahaba. Fungeni nguo zenu, tunaondoka."

Mdogo wangu wa kike akaangusha mchi. Kitinda mimba akaja akanishika mguu. Nikasema, "Mjomba, ulisema ukiwakuta barabarani. Hukuwakuta barabarani."

"Leo. Na kesho? Hii itakuwa tope mvua ikinyesha."

"Lami haiwi tope."

"Usishindane na mimi mbele za watu!"

"Nitashindana popote utakapowachukulia."

Sijui ningefanya nini kama angewashika mikono. Naamini ningelala mbele ya mlango. Lakini msimamizi, niliyekuwa nimemsimulia habari za mjomba, aliweka reki chini, akapita katikati yetu, akamwinua kitinda mimba akamweka begani.

"Habari za Kisarawe, mtani," akamwambia mjomba. "Mimi Mnyamwezi. Nimechelewa mazishi ya shemeji yako, leo ndiyo nafika. Na kwa kuwa hamkuniita, nimewateka hawa watatu. Ukiwataka, nikomboe."

Mjomba akalishusha begi chini. Alikuwa mtu wa mila, na mtani akishateka huwezi kumkasirikia bila kujiaibisha.

"Unataka nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Sitaki kuku wala kitambaa. Lami ikipoa, panda baiskeli. Zunguka mara moja bila kunyonga na bila mguu kugusa chini. Ukiweza, wachukue."

Tulisubiri. Ami alileta kahawa kwenye birika lake mwenyewe, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Vijana walimimina maji ya kupozea, sasa kwa ruhusa. Jua liliposhuka nyuma ya mapaa, msimamizi akakanyaga nundu kwa kisigino, akasema tayari.

Mjomba alivua viatu, akachomeka suruali ndani ya soksi. Enzi za ujana wake alikuwa mwendesha baiskeli hodari, alikuwa akitoka Kisarawe hadi mjini na magunia ya mkaa. Akapanda ile isiyo na cheni. Nundu ya kwanza ikamtupa kushoto.

Akainuka, akajipangusa.

"Hii imepinda!"

"Imezeeka, mzee mwenzio," akasema msimamizi.

Mama Maandazi ndiye aliyeanza kucheka, kisha mjomba mwenyewe. Akajaribu tena. Akafika kona ya pili. Mdogo wangu wa kike hakuweza kuvumilia: "Mjomba, unasukuma wakati wa kupanda! Kandamiza ukishuka!" Akamnyang'anya baiskeli mtu aliyekuja kumhamisha, akazunguka mbele yake mara moja, mara ya pili, nywele zikiruka, mguu haukugusa chini. Mjomba akaketi juu ya begi lake.

Alikaa hapo hadi adhana ya magharibi. Watoto wa nyumba za jirani walikuwa wameshakuja, wenye baiskeli na wenye ringi tupu. Mlango wetu wa uani ulikuwa wazi, na kutoka pale alipoketi mjomba aliweza kumwona kila mmoja wao. Mama Maandazi akamwita mmoja kwa jina, akaja. Akamkaripia mwingine, akatii.

"Kila siku watakuwa hapa?" akaniuliza.

"Kila siku."

"Na wewe?"

"Baraza ipo upande huu, uani upande ule. Nawasikia hata nikiwa nimeinamia pancha."

Akasimama, akamkabili msimamizi. "Sikuwakomboa."

"Basi ni wangu," akasema msimamizi. "Nawaacha hapa kwa dada yao anitunzie."

Mjomba alilala kwetu usiku huo na alfajiri aliondoka peke yake. Wadogo zangu hawakwenda Kigoma, wala Kisarawe, wala Tanga.

Alikuja bwana mmoja wa ofisi ya jiji na faili kwapani, akauliza nani alinipa kibali cha kujenga barabara.

"Hii si barabara, bwana. Haiendi popote."

"Lami ni ya magari."

"Magari yana mji mzima. Nionyeshe mita moja ya watoto, tutahamia huko."

Akarudisha faili kwapani akaondoka. Akaja mara nyingine, mara hii na mwanawe, na akaniuliza kama nina baiskeli ndogo ya kuazimisha.

Miaka ile yote sikuona mtoto wa mtaa wetu akigongwa. Mguu wa mdogo wangu ulipona kwa kuendesha pale, kwa sababu haukulazimika kunyonga. Wasichana waliokuwa wakiambiwa baiskeli si yao walijifunza nyuma ya ukuta ambapo hakuna wa kuwapigia miluzi, na walipotoka barabarani walikuwa wameshajua. Watoto wa Ami na wa ile familia ya Kihindi, ambao walikuwa wanapita mtaani kwetu ndani ya magari vioo vimefungwa, walipanga foleni na wetu, wakagombana na wetu, wakafundishwa matusi na wetu. Masika yalikuja na kupita, tukafagia maji tukaendelea. Uliza gharama yake. Lami ya kutupwa, udongo wa kutupwa, na michi miwili iliyoharibika.

Ami alikuja kujenga ghorofa lake, kama alivyosema tangu mwanzo. Nilivunja zile nundu kwa nyundo yangu, kama nilivyoahidi. Kufikia hapo wadogo zangu walikuwa wakubwa. Watu wanaoniambia eti kazi yangu ilipotea, nawajibu waende wakawahesabu waliokulia pale. Na wanaposema mji hauna nafasi, nawaambia mji una nafasi ya kuweka kontena tupu.

Genge la lami lilikuwa limehama wiki ile ile tuliyotengeneza Nunduni. Msimamizi alipokuja kuaga nilimuuliza nitamlipaje, akakasirika kweli, mara moja pekee niliyomwona amekasirika.

"Mtani halipwi. Siku nikifa, uje Tabora. Uje unicheke mbele ya watoto wangu mpaka wacheke. Uteke jembe. Hilo ndilo deni lako."

Nina duka la spea sasa, na wateja wangu wengine wanatoka Tabora. Kila mmoja namuuliza habari za mzee wa lami mwenye sikio lililoungua. Juzi mmoja akaniambia yupo, anatembelea fimbo, bado ana mdomo.

"Mwambie Wazaramo wanauliza," nikamwambia, "hajafa tu? Nauli ya kwenda kuiba jembe lake tumeiweka siku nyingi."

Jibu lilirudi na mzigo uliofuata. Anasema nauli hiyo tuile, yeye bado anakula.